Zumaridi Haichemshwi

Msugua vito wa Valenza, mji wa masonara huko Italia, humtambui kwa uso, unamtambua kwa vidole. Vya Ersilia Raiteri vilikuwa vyeusi kwenye kucha na vyekundu kwenye mikunjo kwa ile dawa ya kung'arishia, na ndimu haikuvisaidia, wala sabuni, wala maji ya moto ya Jumapili kabla ya misa. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye benchi lile lile la karakana ya Gardino, akipitisha nyuzi za pamba kwenye vitundu vya platini, kimoja baada ya kingine, mpaka mgongo wa kito ung'ae sawa na uso wake. Mgongo huo hakuna mwanamke aliyewahi kuutazama, lakini Bwana Evasio Gardino, mwenye karakana, aliutazama kwa lenzi, na akikuta doa alikirudisha kito kisuguliwe upya.

Binti yake Ersilia, Delfina, aliletwa kwenye benchi hilo akiwa na miaka kumi na minne. Baba yake alikwenda vitani Urusi na haikurudi hata barua. Miaka mitano mama na binti walikaa kiwiko kwa kiwiko, wakila polenta baridi, ule ugali wao wa mahindi, kutoka bakuli moja, wakisengenya wake za mafundi kwa sauti ya chini. Ersilia hakuwahi kuwa na furaha zaidi ya hiyo maishani, na sitamsingizia nikisema hakutaka nyingine.

Lakini Delfina alikuwa na jicho. Akimaliza kazi alichora kwenye karatasi za kufungia jibini, na hakuchora almasi. Alichora rangi.

Karakana ya Gardino haikujua rangi. Baba yake Bwana Evasio, na Bwana Evasio baada yake, walitengeneza vitu vyeupe tu, almasi na platini, platini na almasi, kwa sababu Paris ilisema hivyo, na Valenza iliisikiliza Paris kama mtoto anayeogopa fimbo. Kisha vita vikaisha, watu wakashiba, na Roma ikachoshwa na weupe. Masonara wa kule wakarudia dhahabu ya manjano. Wakaanza kuweka zumaridi ubavuni mwa feruzi, jiwe la zambarau ubavuni mwa yakuti, mawe ya kifalme na mawe ya watu wa kawaida kwenye sahani moja, tena bila kuyakata pembe pembe. Waliyaacha mviringo, laini kama peremende iliyomungunywa. Wazee wa Valenza walisema huo ni uhuni, na wanawake wenye pesa wakajipanga dukani kuununua uhuni huo.

Mwaka 1962, mwezi wa pili, mnunuzi mmoja wa Roma ambaye kila mtu alimwita kwa cheo chake cha heshima, Kavaliere Fulgenzi, alimwambia Bwana Evasio waziwazi: nipe rangi, au nitakwenda kwa jirani yako. Bwana Evasio alikuwa hana mchoraji wa rangi. Alikuwa na karatasi za jibini za Delfina. Alimtoa msichana kwenye benchi, akamkalisha kwenye meza ya kuchorea iliyo dirishani, akampa sharti mbele ya wote: Kavaliere akikipenda kidani chako cha kwanza, meza hii ni yako. Asipokipenda, unarudi kwenye nyuzi ubavuni mwa mama yako, na sitaki kuona karatasi nyingine ya jibini humu ndani.

Delfina alimshukuru. Kuanzia siku hiyo alikula chakula chake mezani kwake, peke yake, na kitambaa mapajani.

Siku ya Jumatano kidani kilikuwa karibu kwisha. Zumaridi tisa za mviringo, na kati yake feruzi na mawe ya zambarau, vyote kwenye dhahabu nzito ya manjano. Secondo Bava, mzee wa kupachika mawe, alikiinua kwenye taa akakigeuza geuza.

"Jamani, hiki ni kidani au ni saladi?" akauliza. "Nani ana mafuta na siki?"

Benchi zima likacheka. Delfina naye akacheka, maana utani wa Secondo ulikuwa baraka. Kazi asiyoipenda hakuitania.

"Kitafune basi, babu, tuone kama una meno," alimjibu.

"Ninayo mawili. Nimeyatunza kwa ajili ya harusi yako."

Ersilia alitamani naye awemo kwenye kicheko kile. Alikishika kidani, akakipitisha uzi mgongoni, kisha akasema kwa upole, "Delfina mwanangu, hapa nyuma ya jiwe la katikati uzi haupiti. Ungewaambia waache kitundu kidogo—"

"Ersilia," Delfina alisema bila kugeuka. "Ukihitajika kusema, utaulizwa."

Kicheko kilikatika. Secondo alikohoa akainamia kazi yake. Watu wa Valenza hutukanana asubuhi na jioni wakanywa divai pamoja, hilo ni jambo la kawaida, lakini mtoto kumtaja mama yake kwa jina mbele ya benchi hakuna aliyewahi kulisikia. Ersilia alirudisha kidani mahali pake taratibu, akashika kazi nyingine.

Baadaye Delfina alimfuata kwenye bomba la maji. Ersilia alidhani anakuja kuomba radhi, na moyo wake mjinga ulikuwa umeshasamehe.

"Ijumaa Kavaliere akija, usitokeze huko mbele," Delfina alisema.

"Kwani mimi hutokeza siku gani?"

"Na usiniite mwanangu. Niite sinyorina, kama wengine."

"Nimekukosea nini, Delfina?"

"Hujanikosea. Ni hivyo vidole." Alivitazama, kisha akatazama ukutani. "Kavaliere aliniuliza nimelelewa wapi, nikamwambia mama yangu alikuwa mwalimu wa piano huko Torino. Nikamwambia alikufa."

Ersilia alifunga bomba.

"Alikufa kwa nini?"

"Nini?"

"Huyo mama. Aliugua nini?"

Delfina alisita. "Mapafu," alisema.

"Maskini," Ersilia akasema, akajipangusa mikono kwenye aproni, akarudi kwenye benchi.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini wahenga hawakusema huyo anayekataliwa afanye nini. Ersilia hakulala vizuri usiku wa Jumatano wala wa Alhamisi. Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa ya aina ile inayokaa kifuani kama mfupa wa samaki, ukimeza mate unausikia. Alijiambia kwamba kidani kikikataliwa na Kavaliere, mtoto atarudi. Watakaa tena kiwiko kwa kiwiko. Aliwaza hivyo akiwa kanisani Alhamisi asubuhi, akapiga magoti na kuomba waziwazi kidani cha mwanawe kiharibike. Hakuona haya.

Sasa kuna jambo moja ambalo Ersilia alilijua na Delfina hakulijua, na lazima nilisimulie.

Mwaka 1934, Ersilia akiwa msichana, ililetwa karakanani pete ya zumaridi ya dada wa askofu ili ing'arishwe. Ersilia aliisugua, kisha akaiosha kama alivyofundishwa kuosha almasi: sufuria, maji, sabuni, magadi na amonia kidogo, moto mkali, nusu saa. Almasi ukiichemsha hivyo haina habari. Zumaridi ni kiumbe kingine. Inatoka ardhini na nyufa zake, na wauzaji huinywesha mafuta ili nyufa zisionekane. Ukiichemsha, mafuta yanatoka, na aibu zote za jiwe zinajianika. Pete ilitoka sufuriani jiwe likiwa kama jicho la samaki aliyepikwa. Gardino mzee, baba yake Bwana Evasio, alimchapa Ersilia vidole kwa rula ya chuma mbele ya benchi. Kisha akalitoa jiwe lile, akalitundika kwenye uzi, akamvalisha shingoni. Alilivaa mwezi mzima, karakanani na barabarani, hata kwenye foleni ya mkate, na watoto wa mtaa walimwita Malkia wa Supu.

Baada ya hapo karakana haikugusa tena mawe ya rangi, na Ersilia hakumsimulia mtu. Angemsimulia vipi binti yake? Alimfundisha kuchemsha, kwa sababu mbele yao palikuwa na almasi tu. Aibu ile aliibakiza kwake peke yake.

Ijumaa ukungu wa mto Po ulishuka mzito hadi taa za karakana zikawashwa tangu asubuhi. Kavaliere alitarajiwa saa tisa. Saa sita kengele ya kanisa iligonga na mafundi wakavua aproni kwenda majumbani kula, kama kawaida, saa mbili nzima. Kidani kilikuwa kimepachikwa na kung'arishwa. Kilibaki kuoshwa tu.

Na kuosha kwa Gardino kulikuwa na mila yake. Mwenye kazi ndiye anayeosha. Kito kipya kiliitwa mtoto, na mtoto huogeshwa mara ya kwanza na aliyemzaa. Mwingine akitia mkono kwenye sufuria ile ni matusi, watu walishawahi kugombana miaka kumi kwa ajili hiyo. Mafundi waliosha kazi zao, na wasugua vito waliosha zile zisizo na mwenyewe. Delfina hakuwahi kuwa na kitu chake mwenyewe cha kuosha. Hiki kilikuwa cha kwanza.

Secondo alisimama mlangoni akifunga shali. "Mwogeshe vizuri mwanao, sinyorina. Na kwenye kuosha umsikilize Ersilia."

"Nimeosha vito mia tano, babu."

"Vyeupe."

"Supu yako inapoa."

Secondo alimtazama Ersilia, Ersilia akaitikia kwa kichwa, na mzee akaenda zake kwa amani. Mama yuko hapo, wasiwasi wa nini?

Wakabaki wawili. Ersilia alifungua bakuli lake, polenta baridi na kipande cha jibini. Delfina alijaza sufuria maji. Alikuwa amevaa koti la kazi lisilo na mikono juu ya gauni jipya la buluu, na nywele alizitengeneza saluni. Alionekana mzuri kweli, na Ersilia alijivunia uzuri huo hata katika hali ile, jambo lililomkasirisha zaidi. Delfina alitia sabuni. Akatia magadi, vijiko viwili. Akawasha moto.

Ersilia alitafuna. Polenta ilikuwa kama mchanga mdomoni.

Mvuke ukaanza. Delfina alifungua kopo la amonia, akamimina kidogo, akageuza uso kwa harufu. Ndipo macho yao yakakutana.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nakutazama tu."

Delfina alisimama na kidani mkononi, juu ya sufuria. Rangi zilikuwa hai chini ya taa, kijani kile kinene, buluu ya feruzi, zambarau, na dhahabu ikizikumbatia. Uso wake ulilegea kidogo, akawa yule wa miaka kumi na minne.

"Kuna kitu?" akauliza. "Kama kuna kitu, niambie."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Ersilia aliiona, aliijua, angeweza kunyoosha mkono akaishika. Neno moja lilitosha. Alikumbuka rula, akakumbuka uzi shingoni, na akakumbuka mwalimu wa piano aliyelala kaburini huko Torino na mapafu yake mabovu.

"Hakuna kitu, sinyorina," alisema, akakata jibini.

Kidani kikazama.

Kilikaa humo dakika ishirini. Delfina aliimba kidogo, akapaka rangi ya mdomo mbele ya kioo cha ukutani, akarudi na kijiko cha mbao. Alipokiinua, alikiinua haraka, akakitumbukiza kwenye maji baridi, akakitandaza kwenye kitambaa cheupe. Kisha hakusogea.

Zumaridi zote tisa zilikuwa zimepauka. Nyufa zilitambaa ndani yake kama mizizi, na mbili zilikuwa zimepasuka mpaka ukingoni. Feruzi zilikuwa zimegeuka rangi ya bwawa. Delfina alizifuta kwa kitambaa, akazipulizia, akazifuta tena kwa kidole gumba, haraka haraka, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mama," alisema. "Mama, zimefanya nini?"

Ersilia alisimama. Alikuwa amelingojea neno hilo tangu Jumatano, na sasa lilimfikia akiwa na jibini mdomoni. Kabla hajameza, mlango wa mbele ulifunguliwa. Kavaliere alikuwa amewahi. Sauti yake nene ilisikika ikilaani ukungu na kuomba kahawa, na Bwana Evasio akaingia huku nyuma anasugua mikono yake kwa furaha, na mafundi wawili watatu waliorudi mapema kumwona Kavaliere wakamfuata, Secondo akiwa mmoja wao.

Bwana Evasio alikiona kidani. Akaufunga mlango nyuma yake kwa utulivu mkubwa.

"Nani?" aliuliza.

Delfina alikuwa mweupe kuliko kitambaa. Ersilia aliyaona macho yake yakihesabu: meza ya dirishani, Kavaliere huko mbele, benchi, nyuzi. Hesabu hiyo haikuchukua muda.

"Ersilia," Delfina alisema. "Nilikwenda kubadili gauni. Nikamwomba aoshe. Nimerudi nimekuta hivi."

Secondo alikuja juu mpaka shali likamwanguka.

"Uongo! Mwenye kazi ndiye anayeosha. Na hata angeombwa, Ersilia hawezi! Bwana Evasio, wewe ulikuwa mwanafunzi Torino, hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Mwaka wa thelathini na nne baba yako alimvalisha huyu mama zumaridi iliyopikwa, mwezi mzima shingoni, kama mbuzi wa zawadi. Mtu wa namna hiyo achemshe zumaridi? Hata usingizini hawezi! Katika karakana hii hakuna anayejua kama yeye."

Mzee wa watu alidhani anamwokoa. Delfina aligeuza kichwa polepole kumtazama mama yake, na Ersilia aliona jambo lile likimwingia, hatua kwa hatua: thelathini na nne. Anajua. Alikuwa ameketi pale, anakula.

"Vizuri," Bwana Evasio alisema. "Basi kama anajua na kachemsha, kachemsha makusudi. Ersilia? Ni wewe?"

Angeweza kukana. Secondo alikuwa upande wake, mila ilikuwa upande wake, na magadi yalikuwa yamemrukia Delfina kwenye mkono wa gauni. Watu waliosikia kisa hiki baadaye walisema kilichomfunga mdomo Ersilia ni uchungu wa mama, kwamba alijitoa ili mtoto apate. Wacha waseme. Kidogo ni kweli. Lakini Ersilia alipofungua mdomo hakumtazama Bwana Evasio. Alimtazama binti yake, na alitaka kila neno limkae.

"Ni mimi," alisema. "Nilijua kabla maji hayajachemka. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, na niliulizwa. Nikanyamaza."

"Kwa nini?" Bwana Evasio aliuliza. "Miaka thelathini na moja, Ersilia! Nimekufanyia nini?"

"Wewe hujanifanyia kitu."

Secondo aliweka mkono kichwani. Bwana Evasio alimwambia Ersilia avue aproni na atoke kwa mlango wa uani, na kwamba kesho asubuhi hakuna karakana hata moja Valenza itakayokuwa haijasikia. Hakupandisha sauti. Alikifunika kidani kwa kitambaa, akachukua mchoro wa Delfina ukutani, akatoka kwenda kuokoa kinachookoleka.

Ersilia alikuwa akifungua mafundo ya aproni. Delfina alimsogelea, karibu sana, akanong'ona ili benchi lisisikie.

"Niliuliza."

"Uliuliza."

"Ukaniacha nikitumbukize."

"Na wewe umeniacha hapa sasa hivi," Ersilia alisema. "Kuna lingine?"

Kwa muda wa pumzi moja ilionekana kwamba Delfina atapiga kelele, atamkamata mama yake mabega, atasema mbele ya wote nani aliyeshika kijiko. Ersilia alingoja. Angemsamehe kila kitu, hata huyo mwalimu wa piano. Alingoja kwa moyo wake wote.

"Sinyorina!" Bwana Evasio aliita kutoka mbele, na sauti yake ilikuwa na asali. "Njoo tafadhali! Kavaliere ameupenda mchoro. Anataka vidani vitatu kwa mchoro huo, na mawe ataleta mwenyewe kutoka Roma."

Delfina alijifuta macho kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, asiharibu wanja. Alivua koti la kazi. Mkono wa gauni uliokuwa na doa la magadi aliukunja mara mbili, doa likapotea ndani ya mkunjo, kisha akaukunja na ule mwingine ili ilingane. Akaenda.

Ersilia alitundika aproni kwenye msumari wake. Mafundi walijifanya wana kazi. Alisimama pale karibu na mlango wa uani, koti begani, akisikiliza upande wa mbele, maana aliamini kwamba mtoto akishaufunga ule mlango wa kwenda mbele atashindwa, atalia, na akilia yeye atarudi ndani hata wamfukuze na mbwa. Alisikia vikombe. Alisikia Kavaliere akisema kitu juu ya ukungu wa kaskazini na wasichana wazuri. Halafu alimsikia Delfina akicheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyelelewa vizuri, na kiliendelea mpaka Ersilia alipofika barabarani.